Nukta za Saru

Mwezi uliopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa Voi, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nane na kuniomba nimtolee kopi ya rangi. Kazi yangu ni fotokopi na kuchapa barua, na karatasi za watu huwa sizisomi. Lakini hii nilipoitandaza juu ya kioo cha mashine, harufu yake ilinifikia kabla ya macho kuona: vumbi, gundi ya zamani, na ule uchachu wa karatasi iliyokaa miaka mingi ndani ya bati lenye joto. Ilikuwa ramani ya kale ya nchi ya chini ya milima yetu, ile yenye mistari ya kahawia inayozungukana. "Mama, imekwama?" kijana akauliza, maana nilikuwa nimesimama tu, mkono juu ya kifuniko. Nikamwambia mashine bado haijapata moto.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Kaloleni, hapa hapa Voi, mimi nikiwa na miaka tisa, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo treni ikipita vikombe vilikuwa vikigongana kabatini. Baba alikuwa karani wa ramani. Katika ujana wake aliajiriwa na kampuni ya wageni iliyokuwa ikichimba jiwe jeusi kule chini, upande wa Mwatate, jiwe laini linaloacha weusi mikononi, lile linalowekwa ndani ya penseli. Nyanya yangu wa Wusi, kule milimani, aliliita makaa yasiyowaka, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba ni makaa ya kweli, ila wageni wale hawakujua kuyawasha ndiyo maana wakaondoka. Kampuni ilifungwa kabla sijazaliwa. Mabati ya kambi yaling'olewa, watu wakarudi kwenye mashamba yao, na Baba akabaki na ramani, karibu ishirini hivi, ndani ya sanduku refu la bati lililokaa chini ya kitanda chake.

Ramani zile zilikuwa chakavu. Ukizikunja vibaya zilikatika kama chapati kavu. Mwaka ule wenye ranchi ya kule chini walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakamwomba Baba atoe nakala mpya ya sehemu yote iliyochimbwa. Nilisikia wakitaja mashimo. Lakini mimi shimo nililolijua lilikuwa la choo au la takataka, kwa hiyo sikutega sikio. Nilichosikia vizuri ni Baba akisema kwamba atahitaji msaidizi wa kumshikia karatasi na kuchora, kwa kuwa macho yake hayakuwa tena ya zamani. Nilijua msaidizi huyo ni mimi. Nani mwingine?

Jumapili iliyofuata Saru akaletwa.

Saru alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada mdogo wa Baba, tuliyekuwa tumemzika Wusi miezi miwili kabla. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja na mfuko mmoja na sweta nene la kijani lililofumwa kwa ajili ya ukungu wa milimani, na katika lile joto la Voi alilivaa wiki nzima bila kulivua, jasho likimtiririka, mpaka Mama alipomvua mwenyewe na kulifua. Alipewa nusu ya kitanda changu. Usiku hakugeuka wala hakukoroma. Alilala pembeni kabisa, upande wa nje, kama mtu aliyeazimwa mahali. Nilimwonea huruma kwa siku tatu hivi, labda nne.

Siku ya tano Baba alitoa ramani ya kwanza, akaitandaza mezani karibu na dirisha, akailaza juu yake karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini yake. Akaniita. Nilikuwa jikoni nikila viazi vilivyokaangwa, nikaja mbio na kuweka kiganja changu katikati kabisa ya ile karatasi safi.

"Mkamburi! Mkono wako una mafuta!"

Nikautoa. Palibaki doa la vidole vitano, linang'aa.

Baba hakugomba. Alibadilisha tu karatasi, akatazama chumbani, akamwona Saru amesimama mlangoni mikono nyuma. "Hebu Saru, jaribu wewe."

Saru alikwenda akanawa kwanza bila kuambiwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha Baba, akashika penseli, akafuata mstari mmoja wa kahawia kuanzia pembe moja ya ramani hadi nyingine bila kuinua mkono. Mstari ulipinda na ule wa chini, ukanyooka na ule wa chini. Baba alivua miwani, akaivaa tena.

"Unajua hii mistari ni nini?"

"Ni vilima, Mjomba," Saru akasema kwa sauti ndogo. "Mwalimu alituonyesha. Mistari ikikaribiana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare."

Mimi nilikuwa nimedhani ni mti uliokatwa, vile unavyoona duara ndani ya duara kwenye gogo. Nashukuru sikusema. Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba, akamshika Saru kichwani na kusema, "Basi nimepata karani."

Wenzangu wa rika langu mnajua neno dogo la mzazi linavyoweza kukaa kifuani mwa mtoto. Karani. Kuanzia siku ile Baba akiingia nyumbani alikuwa akiuliza, "Karani yuko wapi?" Alimchongea penseli kwa wembe mpaka ikawa na ncha kama sindano. Walikaa dirishani kila jioni baada ya shule, vichwa vimeinama pamoja, huku mimi nikiambiwa nisiegemee meza. Nilijaribu kila kitu. Nilinawa mpaka vidole vikakunjamana. Nilishika namba mbili darasani, nikaleta ripoti, Baba akasema vizuri sana, vizuri sana, huku jicho lake liko kwenye ramani. Leo najua alikuwa akimlilia dada yake kwa njia aliyoiweza. Wakati ule niliona jambo moja tu, kwamba kuna mtoto amekuja kukaa mahali pangu, na mahali penyewe anapafaa kuliko mimi.

Kilichonichoma zaidi ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi pikapu ya ranchi ilikuja kuwachukua, Baba na Saru, na nakala yao imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki. Walirudi alasiri na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, Saru akiwa na kipande cha muwa au nusu ya andazi iliyobaki. Baba angetandaza nakala mezani, aifuate kwa kidole, na pale palipokuwa na nukta ndogo ya penseli angeweka nukta ya wino mwekundu juu yake.

"Hapa tumefika," angesema. "Na hapa. Na hapa."

Nilizitazama zile nukta nyekundu zikiongezeka, wiki baada ya wiki, nami nikajieleza mwenyewe maana yake, kwa kuwa hakuna aliyenieleza na kiburi kilinizuia kuuliza. Nukta nyekundu ni mahali walipokaa wawili wakala muwa. Nukta ya penseli ni mahali watakapokwenda Jumamosi ijayo. Niliwaona akilini wameketi kwenye kila nukta, kivulini, Baba akimsimulia Saru hadithi zangu, zile nilizodhani ni zangu peke yangu: ya ndovu aliyekunywa maji ya rangi kambini, ya mpishi aliyelala ndani ya toroli. Nukta zilizobaki zilikuwa nyingi. Nilizihesabu mara ngapi sijui. Jumamosi ngapi hizo?

Alhamisi moja Baba alikuwa bado kazini, Mama yuko sokoni, Saru ametumwa maziwa. Nakala ilikuwa mezani. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na raba tu, kile kipande chekundu kwenye kichwa cha penseli yangu ya shule. Nikachagua nukta moja iliyokuwa peke yake, pale ambapo mistari miwili ya buluu iliyokatikakatika inakutana kama herufi V, na nikaifuta. Nilifuta polepole. Nikapuliza unga wa raba. Nilijiambia, hapa hamtakwenda. Na nikahisi raha, nisiseme uongo, raha tamu kabisa, kama mtu aliyeramba sukari ya wageni.

Jioni ya Ijumaa Mama alisema mezani, "Mchukue na huyu kesho. Huoni anavyonuna? Uso umekuwa kama wa mkwe aliyenyimwa nyama."

"Aje," Baba akasema. "Lakini atatembea."

Sikulala vizuri kwa furaha. Nukta yangu niliyoifuta nilikuwa nimeisahau.

Pikapu ilituacha mwisho wa mashamba ya mkonge, dereva akasema atatungoja pale pale. Tuliingia porini kwa miguu, Baba na fimbo yake mbele, Saru akifuata na nakala mkononi, mimi nyuma. Ardhi ilikuwa nyekundu juu na nyeusi kila mahali palipochimbuliwa, na mawe madogo yaling'aa kijivu na kuniachia weusi kwenye vidole. Milima ilikuwa nyuma yetu, kileleni kuna wingu. Nilimwona Saru akiitazama mara kwa mara.

"Mbele hapa, Mjomba. Hatua kama hamsini," akasema.

Tulikwenda hamsini, tukafika mahali penye duara la miiba mikavu. Baba alinishika mkono kwa nguvu, akanivuta hadi ukingoni. Hapakuwa na kivuli wala muwa. Palikuwa na shimo la mraba, pana kama chumba chetu cha kulala, kuta zake nyeusi zikishuka moja kwa moja hadi pasipoonekana. Hewa baridi ilitoka ndani. Baba akaokota jiwe, akaliachia. Nilingoja. Nilipofikiri kwamba halitafika kamwe, ukaja mlio mdogo wa maji.

"Hii ndiyo nukta," Baba akaniambia.

Nikamtazama. "Kila nukta?"

"Kila nukta. Kampuni ilichimba na kuacha wazi. Mengine waliyafunika kwa mbao, na mbao zimeoza, nyasi zimeota juu. Ramani tu ndizo zinazojua yalipo. Ng'ombe wameingia. Mwaka juzi aliingia mtoto wa mchungaji."

"Akatolewa?"

Baba alishughulika na kufuta miwani yake. Saru akaniangalia na kutikisa kichwa kidogo, hapana.

Ningetaka kuwaambieni kwamba nilisema pale pale, lakini sikusema. Nilijiambia pori ni kubwa, leo hatutapita huko. Nilijaribu kukumbuka nukta ile ilikuwa wapi na sikuweza, kwa sababu sikuwa nimeitazama kama mahali. Nilikuwa nimeitazama kama furaha ya mtu mwingine.

Tulikwenda kwenye shimo la pili, kisha la tatu. Jua lilipanda. Baba akaanza kuchoka, akaegemea fimbo.

"Kutoka hapa hadi kwenye kile kilima hakuna kitu, Mjomba," Saru akasema, akiinua nakala. "Ni wazi kabisa. Tunaweza kukata moja kwa moja."

"Basi ongoza, karani."

Saru akatangulia. Kwa kuwa karatasi ilimwambia ni salama, alitembea kwa namna ambayo sikuwa nimemwona nayo nyumbani kwetu hata siku moja, mikono ikipepea, karibu kurukaruka, kama mtoto. Mimi nilimtazama mgongoni. Kushoto kwetu palikuwa na korongo kavu lenye mchanga mweupe. Nikageuza kichwa. Kulia palikuwa na korongo jingine, nalo lina mchanga mweupe, na yote mawili yalikuwa yakija, yakija, yakikaribiana mbele ya Saru. Ndipo kwa mara ya kwanza maishani niliisoma ramani. Mistari miwili ya buluu iliyokatikakatika. Herufi V.

"Saru! Shimo!"

Alisimama, mguu mmoja umeinuka. Mbele yake palikuwa na nyasi tu, nyasi nzuri za kijani kuliko zote zilizokuwa kando. Baba alimfikia kwa hatua nne ambazo sikujua mzee anaweza kuzipiga, akamrudisha nyuma kwa kola, kisha akachoma zile nyasi kwa fimbo. Fimbo ikapita. Mbao zikavunjika kwa sauti laini, kama mkate, na kipande kikubwa cha ardhi kikazama chote, nyasi na yote. Tuliusikia mlio wa maji baadaye sana.

Baba alikaa chini. Akanivuta, akanikumbatia mpaka vifungo vya shati lake vikaniumiza shavu. "Umeonaje, mwanangu? Umeonaje?"

"Nyasi zilikuwa zimelala vibaya," nikasema. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka tayari.

"Macho ya mwewe!" Baba akasema. "Mtoto wangu ana macho ya mwewe!" Na pale, juu ya ile hofu yote, nilihisi tena ile raha.

Kisha akamgeukia Saru. "Karani. Shimo hili kwenye ramani ya zamani lipo. Najua lipo. Kwenye nakala umeliacha wapi?"

Saru alifungua nakala. Alitafuta, akapata mahali, akaiinua karatasi kwenye jua na kuigeuza kidogo. Penseli hata ikifutwa huacha kijishimo kwenye karatasi, na yeye alikuwa akibonyeza sana nukta zake. Nilimwona akipapasa pale kwa kidole gumba. Akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilisahau, Mjomba," akasema.

Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya upole, na ninadhani upole ule ulimuumiza Saru kuliko kofi. "Kazi hii haitaki kusahau, mama. Nipe penseli."

Jumatatu jioni kiti cha dirishani kilikuwa changu. Saru alikuwa jikoni na Mama akichambua mboga. Nilinakili nukta zilizobaki, mbaya, zilizopinda, na Baba alizirekebisha bila kulalamika. Jumamosi nilikwenda naye mimi, Saru akabaki akifua. Mnaweza kudhani kwamba wivu uliisha. Haukuisha, ulihama tu. Nilijua kwamba Saru anajua, na kwamba amebeba kosa langu bila kuniambia neno, hata tukiwa kitandani usiku, mimi nimeelekea ukutani na yeye pembeni kule kule. Nikaona amefanya hivyo kwa wema. Nikaona ana moyo mkubwa ambao mimi sina na sitakuwa nao. Hebu fikirini, nikamwonea wivu hata wema wake.

Kazi ile ilimalizika, ranchi ikazungushia mashimo seng'enge. Saru alikaa kwetu mpaka alipomaliza sekondari. Akawa muuguzi, muuguzi mzuri. Ramani hakuzigusa tena, ingawa mpaka leo sijaona mtu mwenye mkono kama ule. Na kila Krismasi, ndugu wakijaa sebuleni, Baba aliwasimulia habari za binti yake mwenye macho ya mwewe, namna alivyomwokoa mwenzake. Kila mwaka shimo lilikuwa refu zaidi. Saru alikuwa akipitisha chai wakati hadithi ikiendelea, akiuliza nani anataka sukari. Baba alifariki akiiamini. Nilikaa kando ya kitanda chake siku tano hospitalini, na siku zote tano nilikuwa na ukweli ule mdomoni, na sikuutoa.

Saru aliolewa akiwa amevuka miaka thelathini. Harusi ilikuwa Wusi, na siku moja kabla tulikuwa uani kwa nyanya, wanawake wengi, tukimenya viazi vya watu mia tatu. Baridi ilikuwa kali. Bwana harusi alikuwa amepita asubuhi, mtu mrefu, mpole, anayemtazama Saru anapozungumza, na mimi ambaye ndoa yangu ilikuwa imevunjika mwaka uleule nilikuwa nimeanza tena, ndani kwa ndani, hesabu zangu za zamani. Wenzetu wakaenda kuchota maji. Tukabaki wawili.

"Saru," nikasema. "Siku ile ya shimo. Uliona kwamba nilifuta."

"Niliona."

"Nilidhani nukta ni mahali mlipokaa mkala muwa. Sikujua. Wallahi sikujua ni mashimo."

Aliacha kumenya, akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba jambo hilo hakuwa akilijua. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi nami, amelala nami kitanda kimoja, akiamini kwamba nilifuta nikijua.

"Sasa mbona ulisema umesahau?" nikamwuliza. "Ungenitaja tu. Baba angekuamini wewe."

"Mkamburi," akasema, "ile ilikuwa nyumba ya babako. Ningekutaja, ningelala wapi?"

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia, kisha akainama kwenye karai akachukua kiazi kingine. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na alikuwa akiniogopa.